Dawa na Dawa Yake

Tulikuwa tumekaa ndani, wanawake tupu, goti kwa goti juu ya mikeka, na jeneza lilikuwa limeshatoka. Binti mmoja nyuma yangu akamwambia mwenziwe, kwa ile sauti ya chini ya msibani inayosikika kuliko kelele, kwamba jicho la kushoto la marehemu liliharibiwa na surua akiwa mtoto. Mwenziwe akasema hapana, yeye kaambiwa ni husuda, kuna jirani alimtupia kitu. Wa tatu, mtu mzima kabisa ambaye alipaswa kujua, akasema jicho lile lilipigwa na mume wa kwanza. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikakiweka chini kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagikia kanga. Hidaya hakupofuliwa na surua. Mume alikuwa naye mmoja tu maisha yake yote, tena mpole wa kupindukia. Na husuda, pamoja na sifa zote tunazoipa, haiwezi kufanya kile nilichokiona mwaka ule. Nilitaka kugeuka niwaeleze, lakini koo lilikauka kwa woga, woga uleule, baada ya miaka yote hii. Basi nayaandika, maana kuandika hakuhitaji koo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Sisemi hivyo kwa kujidharau wala kutafuta huruma. Wengine wamezaliwa na sauti ya kuimba, mimi nimezaliwa na woga, na nimeutunza vizuri. Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi wa ubunifu na kazi za mikono, na chuo chetu kilikuwa chumba kimoja kirefu, ghorofa ya pili ya jengo la zamani pale Mchafukoge. Kila kona ya chumba kile ilikuwa na kitu cha kunitisha. Kona ya mbao kulikuwa na msumeno wa umeme uliopiga yowe hata kabla haujagusa ubao. Kona ya chuma kulikuwa na mtungi wa gesi uliofungwa mnyororo ukutani, na mimi nilijiuliza kwa nini kitu kisicho na ubaya kifungwe mnyororo. Kona ya udongo ilikuwa tulivu, ila tanuri lake likishika moto lilikuwa likipumua. Hata kona ya vitambaa, nilikopenda kujificha, ilikuwa na mkasi mrefu kuliko kiganja changu. Mwalimu Komba, aliyetufundisha, mtu mrefu mkimya mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, alipenda kusema kila kitu kina tabia yake na kazi yetu ni kuijua hiyo tabia. Wenzangu waliyaandika maneno hayo kama hekima. Mimi niliyasikia kama onyo.

Hidaya alikuwa hajui woga ni nini. Alikuwa msichana mfupi, mwepesi, mwenye mazoea ya kushika kitu kwanza na kuuliza baadaye. Mchana tulikuwa tukishuka pamoja kula mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja aliyepanga karai lake nje ya duka la vitambaa lililokuwa chini ya chuo, na Hidaya alitoa kipande kwenye karai kwa vidole, mafuta yakiwa bado yanalia, huku mimi nimesimama nyuma nikisubiri kipoe. Katikati, ghorofa ya kwanza, iliishi familia ya Kihindu, na asubuhi ngazi nzima ilinukia ubani na haradali iliyopasuka kwenye mafuta ya moto. Mama wa nyumba ile, tuliyemwita Mama Bhavna, alikuwa akitugombeza kwa vumbi letu la mbao lililomwangukia kwenye nguo alizoanika. "Nyinyi napiga randa juu, mimi nakula mbao chini," alisema, na Hidaya akamjibu kwamba mbao ni tamu kwa chai. Mama Bhavna alicheka, akatupa bagia. Nakumbuka utamu wa bagia zile, na nakumbuka kwamba hata nilipokuwa nazila niliogopa reli ya ngazi, ambayo ilikuwa inacheza.

Kazi ya kumaliza mwaka ilikuwa kiti. Kiti kimoja, kifanywe na watu wawili kwa vitu vitatu visivyofanana, na ambao kiti chao hakikaliki hawaendi mwaka wa pili. Wenzetu wote walimtaka Hidaya, kwa mikono yake ile, lakini yeye akaja kwenye kona ya vitambaa akanivuta mkono. Nikamuuliza kwa nini mimi. "Kwa sababu unaogopa, shoga. Mimi nitavunja, we utanizuia." Tukakubaliana fremu iwe ya mninga, kikalio kisukwe kwa ukili wa ukindu, kama mkeka, na mgongo uwe wa faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa gundi mpaka kiwe kigumu, kama wanavyotengeneza maboti. Mbao nikazizoea. Ukindu niliupenda, kwa sababu hauwezi kumdhuru mtu hata ukitaka. Faiba ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nyuzi zake ziliingia kwenye ngozi zikawasha kutwa, na gundi yake ilikuwa na harufu inayopanda moja kwa moja nyuma ya macho. Na zaidi ya yote, iliganda bila jua wala moto. Unatia dawa, unakoroga, mara kikombe kinapata joto mkononi mwako chenyewe, kama kina homa.

Hapo ndipo lilipo neno lenyewe. Kwetu kila kinachobadilisha kitu kingine ni dawa. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya nywele, na mafundi nao kila kinachotiwa kwenye gundi au rangi ni dawa. Gundi aliyotufundishia Mwalimu Komba ilikuwa imeshatiwa dawa ya kwanza hukohuko ilikotoka, kwa hiyo sisi tulijua dawa moja tu, ile ya kugandisha. Tulipofikia mgongo wa kiti gundi ya chuo ilikuwa imekwisha, tukaenda wenyewe Kariakoo, kwenye mtaa wa maduka ya rangi, ambako mabomba na makopo yamepangwa mpaka katikati ya njia na lazima upite kiubavu. Muuzaji alikuwa mzee mwenye kanzu na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nini leo?"

"Gundi ya faiba."

"Ipo. Lakini mzigo huu umekuja mbichi, haujatiwa kitu."

Akaweka mbele yetu kopo la gundi, kisha chupa mbili za maji ya kunywa zilizotolewa karatasi zake, moja ina kitu cha zambarau, nyingine ina kitu cheupe kama maji. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. "Hii gundi. Hii dawa. Na hii dawa yake." Nikamuuliza, inatiwaje? "Kidogo kidogo tu, mwanangu," akasema, na papo hapo akamgeukia mteja aliyekuwa akipiga kelele anataka brashi. Tukabeba tukaondoka. Njiani Hidaya alizibembeza zile chupa, moja huku nyingine huku, na mimi nikamwambia asizitikise. Sikuwa na sababu yoyote. Nilikuwa namwambia hivyo juu ya kila kitu.

Siku iliyofuata, mchana, wenzetu walikuwa wameshuka kula na Mwalimu Komba alikuwa upande wa pili wa chumba akinoa patasi. Harufu ya gundi ilinishinda nikatoka kwenye roshani kuvuta hewa. Nikamsikia Hidaya akijisemea, kama alivyozoea kuongea na kazi yake: "Dawa kwanza, halafu dawa yake." Neno hili nimelisikia tena usingizini mara nyingi kuliko jina langu. Kama alivyonieleza baadaye, alichukua kikombe cha plastiki, akatia ile ya zambarau, kisha juu yake akatia ile nyeupe. Kwenye gundi alikuwa hajatia chochote. Kilichofuata kilisikika kama mafuta ya moto yanapodondokewa na maji, lakini mara moja tu na kwa nguvu, kisha moshi, kisha yowe. Nilipoingia ndani Hidaya alikuwa amepiga magoti, viganja vimefunika uso, na kikombe kilikuwa kimeyeyuka juu ya meza. Mimi nilisimama pale mlangoni. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia na miguu ilikataa kwenda huku wala kule.

Mwalimu Komba ndiye aliyembeba, na mimi nikamfuata nyuma. Ghorofa ya kwanza mlango ulikuwa wazi, Mama Bhavna ameshatoka kwa lile yowe, na watu walianza kujaa ngazini, kila mmoja na yake. Mmoja alitaka maziwa. Mwingine alisema apakwe asali, wa tatu akapiga kelele itafutwe teksi haraka aende hospitali. Mama Bhavna alimshika Hidaya kwa nyuma ya shingo akamwinamisha kichwa chini ya bomba la bafuni kwake. "Maji! Maji tu! Hapana maziwa, hapana teksi, maji kwanza!" Mwanamume mmoja alijaribu kumvuta Hidaya, na mama yule, aliyekuwa na mwili wa mtoto wa shule, alimsukuma kwa kiwiko akagonga ukuta. Mimi nilipewa kazi ya kumfungua kope. Alikuwa akizifumba kwa maumivu, na Mama Bhavna akaniamuru nizishike kwa vidole, wazi, maji yapite. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyoogopa zile kope chini ya vidole vyangu, zinavyopigana. Nilizishika. Nililia kwa sauti muda wote, lakini nilizishika, mpaka sari ya Mama Bhavna na gauni langu vikawa vimelowa mpaka chini ndipo akakubali teksi ije.

Hospitalini walimfunga bendeji macho yote mawili. Daktari wa macho alisema maji yale yamesaidia, ila kwa sasa hawezi kuahidi jicho lolote, tusubiri. Mwalimu Komba aliketi kando ya kitanda na vumbi lake kwenye nyusi, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Nani amekwambia uchanganye dawa kwa dawa?"

"Muuzaji," alisema Hidaya chini ya bendeji. "Alisema hii dawa, hii dawa yake."

"Yake ya nani?"

"Ya ile dawa."

"Ya gundi, Hidaya. Dawa yake gundi."

"Mbona hakusema ya gundi? Alisema yake."

Wakaendelea kubishana hivyo, mwalimu na mgonjwa, juu ya neno moja dogo, na mimi nikatoka nje ya wodi. Baadaye Mwalimu alinichukua tukarudi kwa yule mzee wa Kariakoo. Mzee alitusikiliza, akavua miwani, akakaa kwenye kopo la rangi. "Mimi nimesema yake," alirudia, akitutazama kwa zamu. "Kila mtu anajua yake ni ya nani." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelisema neno hilo kwa mafundi miaka mingi na mafundi wakaelewa, na akatuuliza jina la binti ili amwombee dua.

Wiki zilizofuata niliishi ndani ya woga kama watu wanavyoishi ndani ya nyumba. Kila nilipoamka nilifumba jicho moja nikatazama dirisha, kisha nikafumba la pili, kuhakikisha yote mawili yapo. Nilinawa mikono mpaka ikapasuka. Sikuweza kunywa maji kwenye chupa, nilitaka glasi, nione. Jioni nilikwenda Ilala, kwa mama mdogo wa Hidaya, walikompeleka kumuuguza, na kila nilipokaribia mlango nilipunguza mwendo, maana niliogopa kusikia wamepata jibu. Chumba alicholazwa kilikuwa kidogo, kina kitanda cha chuma na pazia la maua, na kupitia ukuta tulisikia fundi wa jirani akigonga mabati na wapangaji wakigombania zamu ya bomba. Hidaya alikaa kitandani wima akiuliza nani kafanya nini chuoni, akicheka, akimtania mama yake mdogo kwamba sasa hata akiunguza ubwabwa hakuna ushahidi. Siku moja tuliletewa changu wa kupaka. Nilitaka kumtolea miba, nikamwambia itamkwama, akanipiga kofi mkononi. "Acha, Hawa. Nina vidole." Akamla samaki yule wote kwa ncha za vidole, akapanga miba pembeni ya sahani, moja moja, na mimi nilikuwa nimeshika shingo yangu mwenyewe muda wote kana kwamba ndiyo itakayokwama.

Nilidhani basi ndivyo alivyo, kwamba hata giza limeshindwa kumtisha. Mpaka jioni moja mama yake mdogo alitoka kwenda kununua mkaa, mlango ukafungwa, na Hidaya akanyamaza katikati ya kicheko. Akanitafuta mkono kitandani. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho.

"Hawa, we unaogopaje?"

Sikuelewa. Nikamwambia anieleze.

"Unaogopa kila siku, na bado unakuja chuoni, unafanya kazi. Unafanyaje? Mimi sijui. Sijawahi. Naogopa, shoga, usiku mzima naogopa, na sijui mtu akishaogopa anafanya nini."

Hakuna aliyewahi kuniuliza ushauri wa jambo hilo. Watu huniuliza namna ya kuacha kuogopa, na hilo silijui hadi leo. Lakini namna ya kuogopa na kazi ikaendelea, hapo nilikuwa fundi. Nikamwambia ninapoogopa nashika kitu kilicho karibu na kukitaja jina lake. Huu ubao. Huu msasa. Hii meza. Woga unataka kila kitu kiwe kitu kimoja kikubwa kisicho na jina, na ukishakitaja kimojawapo, kinajitenga na kundi. Nilimwambia hauondoki. Unasogea tu, ukupe nafasi ya mkono. Kesho yake nikamletea ukindu wa kikalio chetu, nikamwekea mapajani. "Hii nini?" Akapapasa. "Ukindu." Na hii? "Ukili, ulipoishia." Basi akaanza kusuka. Alisuka ukili wa kiti chote akiwa hivyo, bendeji usoni, akitaja kimoja kimoja kwa mdomo, na siku nyingine machozi yalikuwa yakipita chini ya bendeji huku mikono haisimami. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nampenda Hidaya kuliko ndugu niliozaliwa nao.

Bendeji ilipofunguliwa nilikuwepo. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, limevimba, na lilimwona daktari, likaniona mimi, likamwona inzi dirishani. La kushoto lilikuwa jeupe kama maji ya mchele. Daktari alipitisha kidole mbele yake huku na huku na halikugeuka. Hidaya aliuliza kama kuna dawa, kisha aliposikia neno lenyewe limemtoka mdomoni, akaanza kucheka, akacheka mpaka daktari akanitazama mimi kwa wasiwasi, na kicheko kikageuka kilio, na mama yake mdogo akamfunika kichwa kwa kanga palepale kwenye kiti cha hospitali.

Mwalimu Komba alitaka tuache faiba. Alisema mgongo tuufanye wa mbao, hakuna atakayetuuliza. Mimi nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Hidaya akakataa. Alisema akiondoka bila kumaliza kitu kile, atakiogopa maisha yake yote, na woga wangu mimi unatutosha wote wawili. Wakavutana siku kadhaa. Mwishowe Mwalimu alikubali, kwa sharti kwamba awepo, tuvae miwani ya kiwandani, na hakuna mtu kutamka neno dawa ndani ya chumba kile. Tukatafuta majina mengine. Hidaya ndiye aliyeyapata. Chupa ya zambarau aliifunga utepe, akaandika Bi Mkubwa. Ile nyeupe akaandika Bi Mdogo. Akawaeleza wanafunzi wote, akiwa amesimama juu ya kigoda, kwamba hawa ni wake wenza na mume wao ni gundi. Bi Mkubwa ameolewa kwanza, huingia kwanza, akorogwe mpaka atulie nyumbani. Bi Mdogo huja baadaye sana. Na kamwe, kamwe, hawa wawili wasikutane njiani bila mume. Chumba kizima kilicheka, na Mwalimu Komba alicheka mpaka vumbi likamdondoka kwenye nyusi. Nimesikia kwamba hadi leo kuna karakana mjini wanazitaja chupa zile hivyo bila kujua ilianzia wapi.

Siku ya kumaliza mgongo alikuwepo Mwalimu, ndoo ya maji ilikuwepo, na Mama Bhavna alikuwa amepanda juu kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Bi Mkubwa alikuwa ameshaingia na kutulia. Sasa ilikuwa zamu ya Bi Mdogo. Hidaya akashika kikombe, akanipa chupa. Nikamwambia siwezi, amimine yeye. Akaniambia taratibu, ili wengine wasisikie, kwamba tangu atoke hospitali akimimina chai inaangukia mezani, kwani kwa jicho moja hajui tena kitu kiko karibu kiasi gani. Angeweza kukoroga. Kumimina hakuweza. Nikaichukua ile chupa. Mikono yangu ilitetemeka mpaka mdomo wa chupa ukagonga ukingo wa kikombe, ti ti ti. Nikataja: hii chupa, hiki kikombe, huyu Hidaya. Nikainamisha.

"Hawa."

Nikasita.

"Umefumba macho?"

Nilikuwa nimeyafumba, yote mawili, kwa nguvu, nyuma ya miwani. Sikuwa na habari.

"Shoga," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama mkono wangu, "mimi na wewe tuna macho matatu tu. Nayataka yote hapa."

Nikafumbua, nikamimina.